Steringi wa Kitabu, Steringi wa Kibandani

Mwaka 1978 Alan Dean Foster alitoa Splinter of the Mind's Eye, riwaya ya kisayansi na ya mikasa iliyozaliwa na filamu ya Star Wars. Iliandikwa kwa hesabu za sinema: filamu ile ikikosa faida kubwa, hadithi hii ingepigwa picha kwa fedha kidogo. Ndiyo sababu sayari yake, Mimban, imegubikwa na ukungu, ili mandhari yasigharimu sana. Han Solo hayumo, kwani Harrison Ford, aliyemwigiza, hakuwa na mkataba wa filamu nyingine. Wasomaji wa mwaka huo waliwakuta mashujaa Luke na Leia wakivutiana, wala hawakuona ubaya. Kisha mwaka 1983 filamu ya Return of the Jedi ikafichua kwamba wawili hao ni ndugu pacha. Hakuna herufi iliyobadilika kitabuni, lakini kurasa zilezile sasa zinawatia wasomaji haya.

Mhakiki Mjerumani Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa Konstanz mwaka 1967, alikuwa ameshalipa jambo hili jina: upeo wa matarajio, yaani yale ambayo msomaji huyatazamia kabla hajafungua kitabu.

Msomaji wa Kariobangi, Nairobi, huja na upeo gani? Si wa filamu peke yake. Katika vibanda vya video vya Eastlands, filamu nyingi za kigeni zimepitia kinywani mwa DJ Afro, anayesimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, akifupisha hapa na kutia chumvi pale. Pazia limezuia jua, watu wamebanana kwenye mabenchi, na steringi, yaani shujaa wa filamu, amezingirwa na maadui. Kinachopandisha mayowe wakati huo ni ulimi wa msimulizi kuliko picha yenyewe.

Mpe kijana wa kibanda hicho riwaya ya filamu hiyohiyo kwa Kiingereza. Akisema imepoa, mhakiki asikimbilie kumwita mvivu wa kusoma. Ametoa hukumu ya kifasihi. Amezoea fanani anayeishika hadhira yake, na kitabuni hakumkuta.

Kiswahili hakijashindwa kuruka angani. Katika Walenisi ya Katama Mkangi (1995), Dzombo anahukumiwa kifo, anarushwa ndani ya chombo cha anga, na anatua kwenye sayari ambayo jina lake, likifunguliwa, ni "wale ni sisi". Riwaya hiyo haikuzaliwa na filamu yoyote. Kwa upande mwingine ipo Pumzi ya Wanuri Kahiu (2009), filamu fupi kuhusu dunia iliyokaushwa na vita vya maji. Jina lake ni la Kiswahili, ila maneno yake machache ni ya Kiingereza. Kitabu kimekaa kwake, filamu kwake, na msomaji wa mtaani hajapata kuvipima pamoja kwa lugha yake.

Wachapishaji wa Nairobi wazungumze na mwenye Pumzi, waagize riwaya yake kwa Kiswahili, na mswada usomwe kwa sauti Kariobangi kabla haujapelekwa mtamboni.