Sangara Alitangulia, Uamuzi Ukafuata

Sangara si mzaliwa wa Ziwa Victoria. Kijana wa Bukoba, au wa visiwa vya Muleba kama Bumbire, Goziba na Ikuza, amekuta minofu yake ikisafirishwa na mabondo yake yakigombewa, na ni rahisi kwake kudhani samaki huyu alikuwapo tangu enzi za mababu. Ukweli ni kwamba alitolewa Ziwa Albert na kumwagwa huku katika miaka ya 1950, wakati waliopaswa kuamua kama aletwe au asiletwe walikuwa bado wanabishana. Kosa kubwa katika historia hii ni hilo la kumtanguliza samaki mbele ya uamuzi, na nalihesabu kuwa zito kuliko ubaya wowote unaoweza kusemwa juu ya sangara mwenyewe.

Onyo lilikuwapo mapema. Michael Graham, aliyechunguza uvuvi wa ziwa hili mwaka 1927 na 1928, alitahadharisha kwamba kuingiza samaki mkubwa anayekula wenzake ni jambo la hatari lisilofaa kufanywa bila utafiti. Ngege, samaki wa asili aliyependwa kuliko wote, alikuwa ameanza kupungua baada ya nyavu za makila kuingia mwaka 1905. Miaka ya 1950 hoja ya kuleta samaki wa namna hiyo ikarudi kwa nguvu. Maofisa wa idara ya uvuvi ya Uganda waliona ziwa limejaa furu, samaki wadogo wa bei ndogo, wakataka apatikane wa kuwala ili wageuke kuwa nyama yenye soko. Watafiti wa uvuvi wa Jinja, Uganda, hawakushawishika. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer alichapisha pingamizi lake, akieleza kwamba samaki anayekula samaki hupoteza sehemu kubwa ya chakula njiani, hivyo ziwa linaweza kutoa kidogo kuliko linavyotoa. Mwaka huohuo sangara wakaanza kunaswa. Walikuwa wamekwisha kupandikizwa kimyakimya, na kwa kuwa wamo tayari, mwanzoni mwa miaka ya 1960 wengine wakaongezwa waziwazi upande wa Uganda na wa Kenya.

Karibu asilimia 51 ya ziwa iko Tanzania, lakini jambo likifanywa kwa siri, mvuvi wa Kemondo au Kerebe ataulizwa saa ngapi? Maji hayana mpaka. Katika miaka ya 1980 sangara alifumka ziwa zima, na wataalamu wanakadiria kuwa aina zipatazo 200 za furu, kati ya zaidi ya 500, zilitoweka. Uchafuzi wa maji nao ulichangia, na baadhi ya furu wamerudi, ila waliokwisha hawarudi. Na kumwondoa sangara ziwani ni vigumu, maana samaki huzaana.

Watu wa mwaloni watanijibu kwamba sangara amejenga nyumba, amesomesha watoto na ameleta kiwanda Bukoba. Ni kweli, na sitaki kuidogosha riziki ya mtu. Lakini soko la minofu la Ulaya silo lililokuwa hoja ya walioleta samaki huyu. Lilikuja miongo mitatu baadaye. Faida hiyo ni bahati, na bahati haithibitishi kwamba uamuzi ulikuwa mzuri. Hata hivyo bahati yenyewe haikugawanywa sawa: minofu ilipanda ndege, mapanki, yaani vichwa na mifupa, yakabaki, na kwa kuwa sangara ana mafuta mengi hakaushwi juani kama furu, ikabidi kuni zikatwe za kumbanika.

Wengine husema kuuliza kila mtu ni kuchelewesha maendeleo. Mkataba uliosainiwa Kisumu tarehe 30 Juni 1994, ulioanzisha Jumuiya ya Uvuvi ya Ziwa Victoria, unaonyesha kuwa inawezekana: Tanzania, Kenya na Uganda zilikubaliana kwamba kiumbe kigeni kisiingizwe ziwani bila uamuzi wa Baraza la Mawaziri. Utaratibu huo ulichelewa miaka arobaini.

Sasa vizimba vya sato vinaongezeka, na haja ya mbegu inayokua haraka inaongezeka navyo. Samaki wa kizimbani hutoroka, wavu ukipasuka wako ziwani. Basi kabla ya vifaranga vya aina ngeni kushushwa popote katika maji haya, serikali iviite vikundi vya usimamizi wa uvuvi ufukweni (BMU) vya Bukoba na Muleba, iweke utafiti mezani kwa Kiswahili, na iwasikilize wavuvi wakati bado kuna nafasi ya kusema hapana.