Bingwa wa Usiku Mmoja: Mitoano ya Mieleka katika Kanda za Video

Katika mambo yote yaliyozuliwa na mieleka ya kulipwa ya Marekani katika karne iliyopita, hakuna lililohifadhiwa na kanda ya video kwa uzuri kuliko mashindano ya mtoano, yale ambayo wanamieleka wanane, au kumi na wanne, au kumi na sita, hupambanishwa wawili wawili tangu jioni, anayeshindwa akatoka na anayeshinda akabaki, hata asalie mmoja asiye na mwingine wa kumkabili. Pambano moja, lijapokuwa la fahari namna gani, huhitaji habari za miezi kabla yake ili lifahamike. Lakini mtoano una mwanzo na mwisho wake ndani ya saa chache, na mtu akiuweka katika mashine nyumbani kwake, akautazama mfululizo bila kuruka, hupata kuona karibu yale ambayo aliyekaa viti vya nyuma ukumbini aliyaona kwa mbali: mtu yule yule akirudi ulingoni mara ya pili, na ya tatu, hatua zimekuwa nzito, na maumivu ya pambano la kwanza akiyachukua hadi la mwisho.

Yapasa isemwe wazi kwamba matokeo ya mieleka hii hupangwa kabla. Wenye mali wenyewe walikiri hivyo mwaka 1989 mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey, walipotaka kutolewa chini ya mamlaka ya tume ya michezo ya jimbo hilo. Lakini kujua kwamba mshindi amekwisha teuliwa hakuondoi thamani ya kazi, kama vile kujua mwisho wa tamthilia kusivyomzuia mtu kwenda kuitazama tena kwa ajili ya waigizaji wake. Na fauka ya hayo, mbao za ulingo ni mbao za kweli, na mtu mwenye kilo 100 na zaidi akibwagwa juu yake mara arobaini usiku mmoja, mgongo wake hauulizi kama ushindi ulipangwa.

Mtoano wa kwanza ambao shirikisho la WWF liliuuza kwa watazamaji wa nyumbani, waliolipia matangazo yake kwa njia ya waya, ulifanyika tarehe 7 Novemba 1985 katika ukumbi wa Rosemont Horizon, karibu na Chicago, nao uliitwa The Wrestling Classic. Watu kumi na sita waliingia. Ilibidi mapambano kumi na manne ya mtoano yaenee katika usiku mmoja, pamoja na lile la Hulk Hogan na Roddy Piper ambalo halikuwa sehemu yake, na kwa hiyo mengi yalimalizwa kwa haraka ya kushangaza: Nikolai Volkoff alisimama kuimba wimbo wa taifa wa Kisovieti kama ilivyokuwa desturi yake, na alipomaliza tu Dynamite Kid alimrukia kwa miguu miwili kutoka juu ya kamba na kumlaza mabega chini katika sekunde chache. Fainali ilikuwa ya Junkyard Dog, kipenzi cha umma, na Randy Savage, kijana aliyeingia katika shirikisho hilo mwaka huo huo. Savage alitupwa nje kwa juu ya kamba, akashindwa kurejea kabla mwamuzi hajamaliza kuhesabu, akatoka mikono mitupu. Kwa kipimo cha ustadi mtoano huo haukuwa bora, na mimi sithubutu kumshauri mtu aanzie hapo. Bali mtu akizoea kutazama miguu ya Savage, jinsi asivyokaa mahali pamoja hata nukta moja, ataona tangu kanda hiyo kwamba aliyeshindwa ndiye aliyekuwa na usiku wake.

Kanda zenyewe zilitolewa na Coliseum Video, kampuni iliyouza mieleka ya shirikisho hilo tangu 1985 hadi 1997 katika makasha makubwa ya plastiki, ambayo mtu aliweza kuyatambua dukani kwa ukubwa wake kabla hajasoma maandishi. Huku kwetu mashine ya video ilitangulia televisheni katika nyumba nyingi, kwa kuwa Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa nacho tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo watu walijifunza mieleka ya ng'ambo kutokana na kanda za kuazimana na katika vibanda vya video vya mitaani. Tena kulikuwa na kizuizi ambacho vijana wa leo hawakijui: kanda ya Marekani ilirekodiwa kwa mfumo wa NTSC, na mashine zetu zilikuwa za PAL kama za Uingereza, hata aliyeletewa zawadi na jamaa aliyeko Amerika aliweza kuitia mashineni akaambulia picha ya kijivu inayokimbia juu na chini, bila kuweza kumpambanua mwamuzi na mpambanaji.

Sasa tuje katika mwaka 1988. Tarehe 5 Februari, mbele ya watazamaji waliokadiriwa kuwa milioni 33 wa televisheni ya NBC, Andre the Giant alimnyang'anya Hogan mkanda wa ubingwa kwa hila ya mwamuzi aliyefanana na mwenzake kama mapacha, na kweli walikuwa mapacha, Earl na Dave Hebner. Kisha papo hapo akamkabidhi tajiri Ted DiBiase aliyeununua. Rais wa shirikisho akaubatilisha uuzaji huo, akatangaza kwamba ubingwa hauna mwenyewe, na kwamba utapatikana kwa mtoano wa watu kumi na wanne katika WrestleMania IV, huko Atlantic City, tarehe 27 Machi.

Wengi huilaumu kanda hiyo kwa urefu wake, maana ni karibu saa nne, na ukumbi wenyewe, uliojaa wageni wa nyumba za kamari, ulipoa mapema. Lawama hiyo ina haki kwa anayetazama kila pambano kwa uzito sawa. Lakini mtu na amfuate Savage peke yake. Alipambana mara nne: na Butch Reed, na Greg Valentine, na One Man Gang, kisha na DiBiase, na kila mara alipotoka pazia lilipofunguka, alikuwa amevaa vazi jipya, na meneja wake Miss Elizabeth naye ana gauni jipya, mambo ambayo yaonekana madogo, lakini yalimfanya mtu huyo aliyezidi kuchoka aonekane kuwa anazidi kutukuka. DiBiase kwa upande wake alipita nusu fainali bila kupigana, kwa kuwa Hogan na Andre walitolewa wote wawili katika robo fainali, na hivyo akaingia fainali akiwa ameonana na watu wawili tu. Andre akawa pembeni ya ulingo akimvuta Savage miguu, mpaka Elizabeth akaondoka kwenda kumleta Hogan. Hogan akampiga DiBiase kwa kiti mwamuzi asipoona, na Savage akapanda juu ya kona ya kamba akaangukia kiwiko. Ukumbi uliokuwa umelala ukaamka. Mshindi alimbeba Elizabeth begani, mkanda mkononi.

Hata hivyo nikiulizwa ni mtoano gani uliokamilika kuliko yote, jibu langu halitoki katika WrestleMania yoyote. Ni King of the Ring ya tarehe 13 Juni 1993, huko Dayton, Ohio, na mtu wake ni Bret Hart. Usiku ule Hart alishinda mapambano matatu, jumla yakipita dakika 45, na hakushinda hata moja kwa mshiko wake mashuhuri wa kukunja miguu ambao hadhira ilikuwa ikiungoja. Wa kwanza alikuwa Razor Ramon, mtu mrefu mwenye kiburi, aliyemkanyaga Hart vidole vya mkono kwa makusudi. Akaja kushindwa alipojaribu kumwangusha kinyumenyume kutoka juu ya kamba, Hart akajipindua hewani akamwangukia yeye. Wa pili alikuwa Mr. Perfect, ambaye ufundi wake ulilingana na wa Hart, na hapo ndipo patakapomshika mtazamaji makini: Perfect aliutafuta mkono ule ule, akavishika vidole vile vile vilivyokanyagwa, akavitanua kwa nguvu, nao wasimulizi hawakuhitaji kueleza lolote kwa sababu kila mtu alikwisha ona chanzo chake mapema usiku ule ule. Hart alishinda kwa kumkunja katika kifurushi kidogo, kwa wepesi, na wote wawili walikuwa wamekwisha pumzi.

Fainali ilikuwa na Bam Bam Bigelow, mtu wa zaidi ya kilo 170 mwenye michoro ya moto kichwani, ambaye alipita nusu fainali bila jasho kwa kuwa Lex Luger na Tatanka walitoka sare. Yaani aliyechoka alipewa mzigo mkubwa kuliko wote, na aliyepumzika ndiye mzigo wenyewe. Bigelow hakujishughulisha na vidole. Alimvunja mgongo, akimwinua na kumbwaga, na Hart akawa hana la kufanya ila kuvumilia na kutafuta mwanya. Mwanamke aliyeitwa Luna Vachon akampiga Hart kwa kiti, Bigelow akatangazwa mshindi, kisha mwamuzi wa pili akaja kutoa ushahidi na pambano likaanzishwa upya. Na mwishoni Hart akamrukia mabegani, akajiviringisha naye, akamlaza. Kwa watatu hao kulikuwa na maarifa matatu tafauti na ushindi wa namna tatu, na jambo moja likavuka yote, yaani mwili mmoja uliokuwa ukipungua. Yule Randy Savage aliyeshindwa Rosemont miaka minane kabla alikuwa mezani usiku ule akisimulia.

King of the Ring ya 1996 huko Milwaukee inakumbukwa kwa sababu nyingine. Steve Austin alipasuka mdomo katika nusu fainali na Marc Mero, akapelekwa hospitali kushonwa, akarudi akamshinda Jake Roberts, kisha akasema maneno machache juu ya kiti cha ufalme yaliyomfanya kuwa mtu mashuhuri kuliko wote wa muongo ule. Mapambano yake yalikuwa ya kawaida. Kanda hiyo hutazamwa kwa ajili ya hotuba.

Wajapani walikuwa na njia yao. Tarehe 16 Aprili 1994, katika ukumbi wa Ryogoku Kokugikan jijini Tokyo, Jushin Liger alikusanya watu kumi na wanne wa uzito mdogo kutoka mashirika yasiyokuwa na mazoea ya kushirikiana, katika mtoano ulioitwa Super J-Cup. Wamarekani walioupenda hawakuuona katika televisheni zao. Waliupata kwa kubadilishana kanda kwa posta, nakala ya nakala, kila moja ikififia kuliko iliyotangulia, na iliwezekana kwa kuwa Japani nayo ilitumia NTSC. Katika nusu fainali Great Sasuke aliruka kwenye kamba, akateleza, akaanguka vibaya. Liger akasimama akampigia makofi ya dhihaka, na katika ghururi hiyo Sasuke akainuka, akamnasa kichwa kwa miguu, akamlaza. Hata leo haijulikani kwa macho wapi ajali iliishia na wapi akili ilianzia, na naona hiyo ndiyo dakika bora ya mashindano yote.

Aliyechukua kombe ni Wild Pegasus, na jina lake la kweli ni Chris Benoit, ambaye mwaka 2007 alimuua mkewe na mwanawe kisha akajiua. Shirika alilolifanyia kazi Marekani liliacha kulitaja jina lake. Kanda ya Tokyo haiwezi kuacha, kwa maana bila yeye hakuna fainali. Mimi huizima baada ya Liger na Sasuke, wala simlaumu anayeendelea.

Kanda zilipohamishwa kwenye diski na baadaye kwenye intaneti, picha zilisafishwa, lakini si zote zilizobaki kama zilivyokuwa: baada ya WWF kulazimika mwaka 2002 kuitwa WWE, nembo ya zamani ilifunikwa ukungu katika matoleo mengi hata mwaka 2012, na muziki usio na idhini uliondolewa. Mwenye kasha la zamani lisiloliwa na ukungu wa kweli ana ushahidi ambao diski haina.

Na iko mitoano isiyopata kasha kabisa. King of the Ring ilianza mwaka 1985 katika uwanja wa Foxboro, Massachusetts, ikahamia Providence, na mpaka ile ya Dayton haikuonyeshwa katika televisheni. Harley Race alivaa taji mbele ya kamera kwa miaka miwili, ilhali usiku aliolishinda, mwaka 1986, waliuona waliokata tiketi tu. Kwa anayefuata kanda, habari ya Savage ina umbo zuri: alishindwa 1985, akatukuka 1988. Lakini Septemba 1987 huko Providence alikuwa amekwisha shinda mtoano mzima, na Oktoba 1988, hali angali bingwa, alirudi mji huo huo akafika fainali tena, akahesabiwa nje ya ulingo kama alivyohesabiwa Rosemont. Aliyemshinda ni Ted DiBiase.