Kilele na Protini: Historia ya Kutenganisha Vibadala vya Metalothioneini, 1957–1985

Mwaka 1957, Marvin Margoshes na Bert Vallee walitangaza kuwapo kwa protini yenye kadimi katika figo la farasi. Baadaye Jeremias Kägi na Vallee waliipa jina la metalothioneini, kutokana na wingi wa metali na salfa ndani yake. Jina lilikuwa moja, lakini lilibeba familia nzima ya protini. Historia ya kuitenganisha familia hiyo ni historia ya kubadilika kwa vigezo vya utambuzi.

Kigezo cha kwanza kilikuwa ukubwa. Uchujaji kwa jeli uliweza kuiondoa metalothioneini miongoni mwa protini kubwa, lakini vibadala vyake, vikiwa na takribani asidi amino 61 kila kimoja, vilitoka pamoja. Kigezo cha pili kilikuwa chaji: kromatografia ya kubadilishana ioni iliigawa katika makundi mawili, MT-1 na MT-2. Hata hivyo, kila kundi liliweza kuficha vibadala vingine vyenye chaji ileile. Kromatografia ya kimiminika ya utendaji wa juu, iliyotumia tofauti ndogo za mvuto wa molekuli kwa mafuta, ndiyo iliyofumbua fumbo hilo. Mwaka 1985, Hunziker na Kägi walieleza vibadala sita kutoka ini la binadamu.

Mafanikio hayo yalikuwa na gharama yake. Kwa kuwa metalothioneini haina asidi amino za kunukia, karibu haionekani katika nanomita 280, urefu wa wimbi uliozoeleka katika kupima protini. Aidha, viyeyusho vyenye asidi kali vilivyoleta utenganisho safi huiondolea protini zinki na kadimi. Viyeyusho visivyo na asidi huhifadhi metali hizo, lakini huzua utata mwingine: protini moja iliyobeba metali tofauti, au iliyooksidishwa, huweza kutoa zaidi ya kilele kimoja.

Kwa hiyo, hoja inayojitokeza ni kwamba idadi ya vilele si idadi ya vibadala. Kilele ni tukio la safu ya kromatografia. Kibadala ni mfuatano wa asidi amino. Matokeo ya 1985 yanaaminika kwa sababu utenganishaji uliambatana na uchambuzi wa protini zenyewe. Tafiti zinazohesabu vilele pekee zinahitaji kusomwa kwa tahadhari.