Chumvi ya Uvinza na Mtoto Aliyechelewa Kutembea



Ndugu zangu wa Kasulu, Kibondo na popote mlipo, leo tuzungumze chumvi.

Chumvi ya Uvinza imechemshwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Wazee wa Buha walishuka milimani kuifuata, na Burton na Speke walipopita mwaka 1858 waliikuta ni biashara kubwa. Chumvi nzuri, ila madini joto yake hayakutosha. Na udongo wa milima kama yetu mvua huusuuza karne kwa karne, madini hayo yakaondoka na maji.

Mjamzito akiyakosa, shingo yake huvimba rovu, na ubongo wa mtoto tumboni haukui sawasawa. Mtoto anachelewa kukaa, anachelewa kutembea, mwingine anakuwa kiziwi na bubu. Watu wakasema karogwa. Wakasema jini, wakasema mama kavunja mwiko. Wanawake wangapi walirudishwa kwao kwa maneno hayo?

Mwaka 1986 serikali ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, na miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi ya kula itiwe madini hayo. Rovu zikapungua. Sasa niambie, jini gani huyo anayekimbia chumvi?

Sisemi kila mtoto anayechelewa ni kwa sababu hiyo. Mwingine alichelewa kulia alipozaliwa, mwingine alipata manjano kali, mwingine degedege la malaria. Yuko asiyesikia tu, tukamwita mzito. Yuko mwenye usonji. Mimi imamu siwezi kuwatofautisha kwa kuwatazama, na mganga wa kienyeji pia hawezi. Kisomo ni haki ya mtoto, lakini kisizuie vipimo.

Khalifa al-Walid, mwaka 88 Hijria (707), aliwapangia vipofu watu wa kuwaongoza na wasiotembea watumishi, kwa mali ya umma. Hakuambiwa anapinga qadari.

Linaloniumiza ni muda. Mtoto ambaye tezi lake halifanyi kazi, akigunduliwa wiki za mwanzo, kidonge cha kila siku humkuza kama wenzake. Akiletwa ana miaka minne, kilichoharibika kwenye ubongo hakirudi, ingawa mazoezi bado yatamsaidia.

Kwa hiyo: miezi 9 hakai, miezi 18 hatembei wala hasemi neno, au hageuki ukimwita, usingoje. Chukua kadi ya kliniki, nenda hospitali ya wilaya au Kabanga, eleza wazi, omba apimwe masikio na damu. Wakishindwa, omba barua ya rufaa kwenda Maweni, hata Bugando. Na wewe baba uende, usimtume mama peke yake. Daktari atauliza ujauzito ulikuwaje, alilia lini, aliugua nini, nani kwenu alikuwa hivyo. Upande wa ukoo wako utaujibu wewe.