Kiinua Mgongo na Mtumba

Neno "amerikani" huenda halimwambii kitu kijana wa leo, lakini kwa bibi zetu lilikuwa jina la nguo. Ilikuwa ni pamba isiyotiwa rangi, iliyofumwa kwa mashine huko Massachusetts, Marekani, ikaletwa Unguja na merikebu za Salem, kisha ikapanda bara mabegani mwa wapagazi. Mkataba wa biashara baina ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833. Nguo hiyo ilipofika huku kusini-magharibi haikukuta watu walio uchi. Katika Ufipa, katika bonde la Rukwa na hata Unyiha, ambako sasa ni Mkoa wa Songwe, watu walipanda pamba, wakaisokota na kuifuma nguo nzito ya kudumu miaka. Amerikani ilikuwa nyepesi, na ya kigeni, na mtu aliyeivaa alionekana mtu. Ufumaji wetu haukufa siku moja. Ulidhoofika kidogo kidogo hadi enzi za Mjerumani na Mwingereza, ukaishia kwa wazee wachache. Hakuna aliyemwuliza mfumaji yule atakula nini.

Nimeanzia mbali kwa makusudi. Tukizungumzia mitumba huwa tunazungumza kana kwamba ni jambo la jana.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Serikali iliamua kwamba nchi inayolima pamba isivae nguo ya kuagiza. Kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilifunguliwa 1968 kwa msaada wa China. Vikafuata vingine chini ya Shirika la Taifa la Nguo, TEXCO: Mwanza, Musoma, Tabora, Morogoro. Mbeya nayo ilipata chake katika miaka ya 1980, Mbeyatex. Ukiniuliza, kukijenga huku ilikuwa ni siasa zaidi kuliko hesabu, kwa maana pamba nyingi ya nchi hii hulimwa Kanda ya Ziwa. Lakini tulikuwa na reli ya TAZARA na barabara ya Zambia, na vijana waliotaka mshahara wa mwezi. Siasa ya namna hiyo siilaumu sana.

Ubaya ni kwamba viwanda hivyo vilizaliwa wakati wa njaa ya fedha za kigeni. Rangi, vipuri na dawa za kiwandani vyote vilitaka dola. Miaka ya 1982 hadi 1984 nguo iliadimika kiasi kwamba kupata doti ya khanga kulihitaji foleni au kujuana na mtu. Sokoine alipowashukia wahujumu uchumi mwaka 1983, khanga na vitenge vilikuwa miongoni mwa mali zilizosakwa. Kwa hiyo, katika bajeti ya 1984, Serikali iliporuhusu kila mwenye fedha zake nje aagize bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi, watu tulishukuru. Nguo zikajaa. Mitumba, ambayo zamani ilipenyezwa mipakani, ikapandishwa mezani hadharani. Wengine waliiita "kafa Ulaya", wakidhani ni nguo za marehemu, lakini waliivaa.

Mwaka 1986 ukaja mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa. Dola iliyokuwa karibu shilingi 17 mwanzoni mwa mwaka ilifika 40 katikati yake, na kufikia mwisho wa 1989 ilikuwa karibu 190. Sasa fikiri wewe ndiwe meneja wa kiwanda kilichojengwa kwa mkopo wa nje. Deni limevimba zaidi ya mara kumi, umeme unakatika, mashine inasubiri kipuri, na hapo sokoni shati lililokwisha kuvaliwa Ulaya linauzwa kwa bei isiyofikia hata gharama ya uzi wako. Wapo wanaosema viwanda viliuawa na mitumba, na wapo wanaosema viliuawa na uzembe wa mashirika ya umma. Mimi naona mgonjwa alikuwa kitandani tayari; mitumba ilimkuta hapo.

Viwanda vya TEXCO vikafungwa kimoja baada ya kingine. Sheria ya mashirika ya umma ilirekebishwa 1992, ikaundwa tume ya rais ya kusimamia urekebishaji, ile PSRC. Kazi yake ilikuwa kumtafutia mnunuzi kiwanda. Mfanyakazi alipata kile tunachokiita kiinua mgongo, pamoja na akiba yake ya NPF kama mwajiri aliipeleka. Lugha yetu ina utani wake: kinachoitwa kiinua mgongo mara nyingi hakikutosha hata nauli ya kurudisha familia kijijini.

Malipo hayo yaliangalia jambo moja tu, miaka uliyofanya kazi. Kilichokuondoa hakikuulizwa. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, mkoani Iringa, kilichoanza kazi 1985 na kubinafsishwa 2004, kilikuwa na matatizo yake mengine kabisa, lakini sheria haikumtofautisha mtu wake na mtu wa nguo wa Mbeya. Katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hesabu ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka, usizidi miaka kumi. Yaani siku sabini.

Wamarekani walilitenga jambo hili mapema. Kennedy, mtu wa Massachusetts hiyohiyo ya amerikani, alitia saini mwaka 1962 sheria iliyosema kwamba Serikali ikifungua milango kwa bidhaa za nje, anayepoteza kazi kwa sababu hiyo alipwe kwa majuma kadhaa na afundishwe kazi nyingine. Si kwamba ilikwenda vizuri: hadi 1969 hakuna ombi hata moja lililokubaliwa, na tangu Julai 2022 mpango huo haupokei maombi mapya. Lakini swali liliulizwa: nani alifungua mlango?

Kwetu mlango ulifunguliwa kwa faida ya wengi, nami ni mmojawapo. Jirani yangu aliyekuwa fundi wa mitambo ya kufumia alipopunguzwa alinunua robota la mashati, akawa anauza Mwanjelwa. Alishika shati kwa vidole viwili akakueleza habari za mtande na mshindio wake, na kwa nini litachakaa kwapani kwanza. Wateja walimpenda. Ujuzi ule Serikali iliulipia kuufundisha, kisha ukatumika kuchambua nguo kuukuu.

Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba ndani ya miaka mitatu. Mwaka uliofuata wafanyabiashara wa nguo chakavu wa Marekani walilalamika kwa serikali yao kwamba ajira 40,000 za kwao zingehatarishwa. Tanzania, Kenya na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ilikataa, na Julai 2018 ikasimamishiwa msamaha wa ushuru kwa mavazi yake chini ya AGOA.

Mwaka huohuo wa 2018 sheria zetu za hifadhi ya jamii zilileta fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara, kwa miezi sita, kwa aliyechangia miezi isiyopungua 18. Jirani yangu alikuwa na zaidi ya miaka ishirini pale sokoni, bila mwajiri wa kumchangia.