Ua na Ua: Suala la Mlango katika Usomaji wa Bustani za Kiitalia

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili ambavyo lugha nyingi huvitenga. Ua ni chanuo la mmea, na wingi wake ni maua. Ua pia ni kizuizi kinachozingira makao, na wingi wake ni nyua. Neno bustani, lililoingia Kiswahili kutoka Kiajemi kupitia Kiarabu, limeelemea upande wa maua, kwani asili yake ni mahali penye harufu nzuri. Neno la Kiitalia, giardino, limeelemea upande wa nyua: mzizi wake ni wa Kijerumani cha kale, na maana yake ni mahali palipozungushiwa. Mgeni anayekwenda Italia mwezi wa Aprili kuzizuru bustani za kihistoria na zile za watu binafsi huwa amekwisha kuahidiwa maua. Makala hii inadai kwamba kinachostahili kusomwa kwanza ni ule ua wa pili, yaani ukuta na mlango wake: nani aliruhusiwa kuingia, aliingilia wapi, na kwa masharti ya nani. Bustani ni matini inayosomwa kwa miguu, na msomaji aliyepitishwa mlango usio wake huisoma hadithi kuanzia mwisho.

Majira yenyewe yana utata. Istilahi "majira ya kuchipua" ni ya kutafsiriwa tu. Miezi hiyohiyo ya Machi hadi Mei katika pwani ya Kenya ni masika, na hakuna aendaye kutalii bustani katika tope. Lakini hata huko Italia, bustani kuu za karne ya 16 hazikujengwa kwa ajili ya miezi hiyo. Makadinali wa Roma walizijenga vilimani ili kuyakimbia majira ya joto, jua kali la Julai na malaria ya nyanda zilizouzunguka mji. Ndiyo sababu vitu vinavyotawala ndani yake ni maji, jiwe, kivuli cha mialoni isiyopukutisha majani, na mapango ya kubuni yenye ubaridi. Majira ya kuchipua ni majira ya mgeni. Wasafiri kutoka kaskazini ya Ulaya walikaa Roma wakati wa baridi, wakashuhudia ibada za Pasaka, wakatembelea vilima, kisha wakaondoka kabla ya joto na homa. Michel de Montaigne alifika Tivoli mwezi wa Aprili 1581, na katika shajara yake ya safari, ambayo haikuchapishwa hadi 1774, kilichomshughulisha hakikuwa maua bali mitambo: kinanda kilichopigwa kwa nguvu za maji, na ndege wa kutengenezwa walioimba mpaka bundi alipojitokeza.

Edith Wharton, aliyeizuru Italia mwaka 1903 na kuchapisha kitabu chake kuhusu majumba na bustani za nchi hiyo mwaka uliofuata, aliligeuza jambo hili kuwa kanuni. Kwa maoni yake, kiini cha bustani ya Kiitalia ni mpangilio, yaani uhusiano wa nyumba, bustani na mandhari, na maua ni nyongeza tu. Kanuni hiyo iliwafaa sana wasomaji wake, waliozoea bustani za Kiingereza. Hata hivyo ina kasoro. Utafiti wa baadaye, hasa ule ulioanzishwa na Georgina Masson katika miaka ya 1960, umeonyesha kuwa bustani hizo zilikuwa na maua mengi, yakiwemo matulipu na maua mengine yaliyoletwa kutoka milki ya Waturuki, lakini yalihifadhiwa katika vyumba vya wazi vilivyozungushiwa kuta na kuitwa bustani za siri. Wharton hakuyaona kwa kuwa yalikuwa yamekwisha kufa. Mawe yaliishi kuliko mimea, naye akaisoma mifupa kana kwamba ndiyo mwili. La kuzingatiwa zaidi ni kwamba maua yenyewe yalikuwa nyuma ya mlango wa pili, ndani ya mlango wa kwanza.

Tivoli ndipo suala la mlango linapodhihirika kwa ukali. Kadinali Ippolito II d'Este aliteuliwa kuwa gavana wa mji huo mwaka 1550. Ili kupata nafasi ya bustani katika mteremko ulio chini ya makao yake, nyumba za wakazi zilibomolewa; baadhi yao walimpeleka mahakamani. Mto Aniene ulichepushwa kwa mfereji uliochimbwa chini ya mji ili maji yatiririke katika chemchemi bila pampu yoyote, kwa nguvu ya mteremko pekee. Msanifu wake, Pirro Ligorio, alikuwa pia mchimbuaji wa mambo ya kale, na sanamu kadhaa zilitolewa katika magofu ya jumba la Kaisari Hadrian yaliyo karibu.

Ligorio aliibuni bustani hiyo kama masimulizi, na masimulizi hayo yalianzia chini. Mgeni wa karne ya 16 aliingia kwa lango la bondeni, upande wa barabara itokayo Roma. Mbele yake palikuwa na njia iliyonyooka kupanda mteremko, na juu kabisa, mbali, jumba la Kadinali. Katikati ya kupanda alikutana na joka, mlinzi wa matufaha ya dhahabu katika visasili vya Kiyunani, na sanamu za Hercules, shujaa ambaye ukoo wa Este ulidai kuwa mhenga wake. Njia zilizogawanyika kulia na kushoto zilimkumbusha kisa cha Hercules katika njia panda, akitakiwa kuchagua baina ya anasa na wema. Kupanda kulikuwa ni sehemu ya maana: jasho la mgeni lilikuwa hoja ya matini, na mwisho wa wema, kwa urahisi wa kushangaza, ulikuwa ni mlango wa nyumba ya Kadinali.

Mtalii wa leo haingilii huko. Huingilia juu, kutoka katika uwanja wa mji, akapita uani mwa jumba na katika vyumba vilivyochorwa kutani, kisha akatokea kwenye roshani na kuiona bustani yote kwa mara moja, ikiwa imelala chini ya miguu yake. Halafu hushuka. Anakutana na joka baada ya kuwa amekwisha kuzawadiwa; anaifikia njia panda akiwa anatoka. Mhakiki anaweza kulalamika kwamba masimulizi yamepinduliwa, na malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo upo upande mwingine ambao wataalamu wa bustani aghalabu huupuuza. Mwonekano wa kutoka roshani ndio uliokuwa mwonekano wa mwenye nyumba. Mgeni wa Ligorio alitazama juu. Kadinali alitazama chini, akawaona wageni wakihangaika na ngazi. Jumba lilipoingia mikononi mwa serikali ya Italia baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na watu wa kawaida wakaruhusiwa kuingia kwa tiketi, walipewa mahali pa kusimama pa Kadinali. Walichopoteza ni hadithi. Walichopata ni nafasi ya msimulizi.

Villa Lante iliyoko Bagnaia, karibu na Viterbo, imepatwa na mapinduzi kama hayo, ingawa kwa upole zaidi. Kadinali Gianfrancesco Gambara, aliyekuwa askofu wa Viterbo tangu 1566, aliijenga bustani yake kwa usanifu ambao kwa kawaida huhusishwa na Vignola. Hapa hadithi iliteremka. Mgeni alipita kwanza katika msitu uliokuwa na chemchemi ya mikwaju ya mialoni, chakula cha watu wa Enzi ya Dhahabu katika utenzi wa Ovid, kisha akafika katika pango la Gharika lililo juu kabisa ya bustani yenyewe. Kutoka hapo maji hushuka yakifundishwa adabu hatua kwa hatua: hupita katika mfereji uliochongwa mfano wa kamba wa majini, kwa kuwa jina la Gambara linafanana na neno la Kiitalia la mnyama huyo, hupita katikati ya meza ndefu ya jiwe ambapo Kadinali aliwakirimu wageni wake, na mwisho hutulia katika bwawa la miraba. Ni historia ya binadamu kuanzia gharika hadi ustaarabu. Leo hii mgeni huingilia chini, upande wa mji. Huanza na ustaarabu na kupanda kuelekea gharika. Kwa msomaji wa nyakati hizi, huenda mpangilio huo ukawa wa kweli zaidi kuliko ule wa Kadinali.

Milango hiyo haikuachwa bila maneno. Katika Roma ya karne ya 16 na ya 17 ilikuwepo desturi iliyoitwa sheria ya bustani, lex hortorum: maandishi ya Kilatini yaliyochongwa katika jiwe, yakimkaribisha mgeni na kumwekea masharti. Maarufu zaidi ni yale ya Villa Borghese, bustani ya Kadinali Scipione Borghese. Ndani yake mlinzi wa bustani anazungumza kwa nafsi ya kwanza na kumwambia mgeni, awaye yote, kwamba asiogope pingu za sheria; aende atakako, aombe apendacho, aondoke atakapo. Ni matini ya ukarimu, na wahakiki wengi wameishia hapo. Lakini baada ya kumkaribisha yeyote, mlinzi ameongeza sharti dogo: ikiwa ni mtu huru. Katika mji ambao merikebu za Papa ziliendeshwa kwa makasia ya watumwa, sharti hilo halikuwa pambo la lugha. Aidha, ukaribisho uliandikwa kwa Kilatini. Aliyeweza kuusoma ndiye aliyekaribishwa, na asiyeweza hakuambiwa kwamba hakualikwa. Mwishoni sauti inabadilika: atakayevunja adabu ya mgeni atavunjiwa urafiki. Ua unaonekana tena kati ya maua.

Ajabu ni kwamba matini hiyo ya adabu ilizaa matokeo ambayo mwandishi wake hakuyakusudia. Kwa vizazi kadhaa wakazi wa Roma, waliojua Kilatini na wasiojua, walizoea kutembea Villa Borghese. Mwaka 1885 mkuu wa ukoo huo alitaka kuifunga milango, naye akakabiliwa na kesi iliyofunguliwa na manispaa ya mji. Mwaka 1887 Mahakama ya Kasasheni ya Roma iliamua kwamba desturi hiyo ya muda mrefu ilikuwa imewapa watu haki ya kuitumia bustani, na kwamba mwenye mali hakuweza kuifuta kwa kufuli. Serikali iliinunua mali hiyo mwaka 1901, na mwaka 1903 bustani ikakabidhiwa manispaa ya Roma. Upo utani wa historia katika jambo hili. Ukarimu, ambao kwa mtoaji wake ni hisani inayoweza kusitishwa wakati wowote, uliporudiwa kwa muda wa kutosha uligeuka kuwa deni.

Bustani za watu binafsi ambazo huzuriwa zaidi leo nyingi zina umri mdogo kuliko zinavyoonekana. Ile ya La Foce, kusini mwa Tuscany, ilibuniwa na Mwingereza Cecil Pinsent kwa ajili ya mwandishi Iris Origo, ambaye yeye na mumewe walilinunua shamba hilo mwaka 1924. Mistari yake ya vichaka vilivyokatwa inaiga karne ya 16, na wisteria yake huchanua katika majira yanayompendeza mgeni, maana mwenye nyumba mwenyewe alilelewa katika ladha ya wageni. Kuizunguka kulikuwa na mashamba ya wakulima waliogawana mavuno na mwenye ardhi nusu kwa nusu. Shajara ya Origo ya miaka ya vita, iliyochapishwa mwaka 1947, inafaa kusomwa na yeyote atakayesimama chini ya wisteria hiyo. Watoto waliokimbia mabomu ya miji ya kaskazini walihifadhiwa humo. Wafungwa wa vita waliotoroka na vijana wa msituni walibisha hodi usiku. Na mwezi wa Juni 1944 Origo aliwatoa watoto hao kwa miguu hadi Montepulciano, katika barabara iliyohofiwa kuwa na mabomu ya kutegwa. Hapo mlango wa bustani ulikuwa suala la uhai.

Riwaya ya Giorgio Bassani kuhusu bustani ya ukoo wa Finzi-Contini, iliyotoka mwaka 1962, imelipeleka suala hili mbali kuliko kazi nyingine yoyote. Ukoo huo wa Kiyahudi mjini Ferrara uliishi miaka mingi nyuma ya ukuta, ukijitenga hata na Wayahudi wenzake. Lango lilifunguliwa mwaka 1938, sheria za ubaguzi wa rangi zilipowafukuza vijana wa Kiyahudi katika klabu ya tenisi ya mji. Ndipo walipoalikwa kucheza ndani. Kwa hiyo ukarimu wa bustani hii ni kivuli cha milango mingine iliyofungwa, na msomaji anayevutiwa na miti yake mirefu anavutiwa na gereza lenye majani. Mhusika Micòl huijua miti hiyo mmojammoja, lakini ujuzi huo haumwokoi. Bustani hiyo haikuwahi kuwepo. Wako wanaodai kwamba Bassani aliichota kutoka Ninfa, bustani ya ukoo wa Caetani iliyopandwa katika magofu ya mji wa kale kusini mwa Roma, kwani alikuwa mhariri wa jarida la Marguerite Caetani, Botteghe Oscure. Bado wageni hufika Ferrara wakiiulizia.

Tangu mwaka 1993 shirika la uhifadhi la Fondo per l'Ambiente Italiano limekuwa likitenga siku chache za majira ya kuchipua ambapo majumba na bustani zilizofungwa mwaka mzima hufunguliwa kwa umma. Foleni huwa ndefu. Riwaya ya Bassani nayo inaanza kwa matembezi ya namna hiyo: Jumapili ya Aprili 1957, kundi la marafiki linatoka Roma kwa gari, bila lengo maalumu, na kuishia katika makaburi ya Waetruski huko Cerveteri. Mtoto mdogo anauliza kwa nini makaburi ya kale huhuzunisha kidogo kuliko mapya. Njiani kurudi, msimulizi anaikumbuka ziara ya kaburi kubwa la ukoo wa Finzi-Contini katika makaburi ya Kiyahudi ya Ferrara, ambamo, kati ya wale aliowapenda, amezikwa mmoja tu, Alberto, aliyekufa kwa maradhi kabla ya wengine kukamatwa na kupelekwa Ujerumani. Bassani mwenyewe alizikwa katika makaburi hayo ya Ferrara mwaka 2000. Yamezungukwa na ukuta, na mgeni hana budi kupiga kengele langoni ili afunguliwe.