Ngong Racecourse: Uwanja wa Farasi na Kalenda Yake

Sisi watu wa Pwani tukisikia mbio za wanyama, fikra huenda Lamu moja kwa moja, kwa punda wanaokimbizwa ukingoni mwa bahari wakati wa Maulidi. Mbio za farasi tunaziona ni mambo ya bara, tena ya wenye nacho. Hata hivyo uwanja wa Ngong Road, Nairobi, ni sehemu ya historia ya nchi yetu, na una somo ambalo nadhani latuhusu.

Ulikotoka

Reli iliyoanzia Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899. Walowezi wa Kiingereza waliofuata njia hiyo walikuja na michezo yao, na miaka michache tu baadaye farasi walikuwa wakishindanishwa. Chama chao kiliitwa East African Turf Club. Leo msimamizi ni Jockey Club of Kenya.

Uwanja wa zamani haukuwa Ngong Road. Ulikuwa upande wa mashariki ya mji, maeneo ya Kariokor. Mwaka 1954 mbio zikahamishiwa zilipo sasa, kando ya msitu wa Ngong. Mji ukaumeza uwanja wa kwanza, ukabaki jina tu: Race Course Road. Wasafiri wangapi hushuka matatu barabarani pale bila kujua kwa nini inaitwa hivyo?

Katika enzi ya ukoloni, mwenye farasi alikuwa Mzungu na Mwafrika alikuwa wa kulisha, kuosha na kufagia banda. Siku hizi wapo Wakenya weusi wanaopanda farasi na kushinda. Jina linalotajwa sana katika historia ya mchezo huu ni Beryl Markham, mwanamke aliyepata leseni ya kufunza farasi akiwa kijana mdogo, na ambaye mwaka 1936 alivuka bahari ya Atlantiki kwa ndege peke yake, kutoka mashariki kwenda magharibi. Uzeeni aliishi katika nyumba ndogo uwanjani hapo. Alifariki mwaka 1986.

Kalenda

Mbio hufanywa Jumapili mchana, juu ya nyasi. Siku moja huwa na mbio kadhaa, za masafa mbalimbali. Katika nyingi, farasi mwenye nguvu hubebeshwa uzito zaidi ili wadhaifu nao wapate nafasi.

Mbio kubwa zimefuata mpangilio wa Uingereza, hata majina. Guineas ni ya farasi wa miaka mitatu, masafa mafupi kiasi. Oaks ni ya farasi wa kike peke yao. Kenya Derby, ambayo kwa kawaida huangukia Aprili, ni ya mita 2,400 na ndiyo siku kubwa ya mwaka. St Leger ni ndefu zaidi, hupima pumzi. Farasi akishinda Guineas, Derby na St Leger, amemaliza kila kitu.

Mwishoni mwa Septemba uwanja huo huo hupokea maonyesho ya magari na pikipiki za zamani, Concours d'Elegance.

Na kamari?

Najua swali hili litakuja. Kushindanisha farasi si jambo geni kwetu: Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi nje ya Madina. Kamari ndiyo haramu, na uwanjani Ngong ipo. Mtu anaweza kwenda kutazama mnyama akikimbia bila kutoa shilingi kwenye dirisha la kuchezea. Asiyejiamini, na akae nyumbani.

Somo lenyewe

Ninachokiona mimi ni hiki: viwanja vyote viwili vilikuwa vya farasi, katika mji huo huo. Kimoja kilipoachwa, majengo yakaingia. Cha pili kimebaki kwa sababu kina siku zake, na kila Jumapili ya mbio kuna watu wa kuuliza nani ameegesha matofali hapa.

Huku kwetu tunalia viwanja vikishachukuliwa. Kabla ya kulia, tujiulize: kiwanja cha mtaani kwenu kina kalenda? Kuna ligi ya vijana, mashindano ya Qur'ani, swala ya Idi, mbio za punda? Uwanja mtupu mwaka mzima ni mwaliko kwa mnyakuzi.